Amplifaya Iliyopigwa Mchi

Nilikwenda Ukunda kutengenezesha redio, nikamkuta nyanya yangu kwenye rafu ya fundi. Usinicheke. Yeye mwenyewe amezikwa zamani. Nilichokikuta ni alama ya mkono wake.

Fundi ni kijana wa bara, mpole, vidole vimejaa makovu ya risasi ya kulehemu. Nyuma yake, chini ya televisheni zilizokufa, palikuwa na sanduku la bati nene, la kijivu, lina vishikizo vya kuzungusha mbele na matundu ya kupumulia juu. Pembe moja imebonyea ndani, shimo la kutosha kuweka limau. Nilitia kidole pale, nikakizungusha.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ni ya mzee fulani wa Msambweni, nyanya. Alikufa, watoto wakaniletea. Amplifaya ya zamani sana. Hii kitu ni mzee kuniliko."

"Adabu! Na mimi ni mzee kukuliko. Unataka kuifanya nini?"

"Kuivunja. Ndani ina waya poa ya shaba. Kuna mtu anataka kusukiwa waya upya kwa mota ya pampu ya kisima, anakuja kesho asubuhi."

Nikamwambia asiiguse mpaka nirudi. Nikarudi Gazi roho iko juu juu. Nyumbani tulikuwa kwenye matayarisho ya harusi ya mjukuu wangu, yule anayepokea wageni kwenye hoteli kubwa kule Diani, anayesema Kijerumani kama maji. Kila anijuaye amechoka kusikia habari zake, na bado ataendelea kuzisikia. Mama yake, binti yangu, alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia nataka kuinunua amplifaya ile na kuitengenezesha.

Alinitazama kama nimesema nataka kununua ndovu.

"Mama, muziki tumeshakodi. Spika zake urefu wa mlango. Wewe watuletea mzoga? Hata ikipona, itasema nini?"

Itasema nini. Haya, kaa nikwambie iliwahi kusema nini.

Nilipokuwa mtoto, hapa Gazi harusi ilianza kunukia kabla hujaiona. Vitunguu vikikaangwa kwenye sufuria la shaba, moshi wa kuni za mkoko ukitutoa machozi, na sisi wasichana tukikuna nazi mpaka mikono inauma. Kinu kilikuwa uani, na michi miwili ikipokezana, dum dum, dum dum, tangu alfajiri. Nyanya ndiye aliyenilea. Alikuwa kungwi, yaani mwanamke anayemfunda mwari mambo ya ndoa kabla hajapelekwa kwa mumewe. Mwembamba, mweusi tititi, ana sauti nzito kuliko wanaume wengi. Aliyoyasema chumbani kwa mwari hayakutoka. Hata mimi niliyelala naye kitanda kimoja sikuwahi kuambiwa hata neno. "Nikitoa siri ya chumbani," alikuwa akisema, "nani atanipa mwanawe tena?"

Halafu ikaja amplifaya. Mwenyewe alikuwa bwana mmoja wa Msambweni, mnene, mwenye majivuno, akiibeba kwenye baiskeli kama bibi-harusi wa pili. Betri ya lori nyuma, honi ya bati ya kutolea sauti inafungwa juu ya mnazi. Wanaume walikaa barazani kwenye mikeka, na sisi wanawake ndani tukiimba vugo, nyimbo zetu za harusi. Basi maiki ilipitishwa dirishani, katikati ya nondo za mbao, ili waume wasikie nyimbo pasina kutuona. Ilikuwa ajabu kubwa. Kuku walikimbilia uvunguni.

Mimi nilipenda kukaa nje, kando ya lile sanduku. Ukichungulia kwenye matundu unaona vichupa vya kioo vimesimama safu, na kila kichupa kina kimoto kidogo chekundu ndani, mithili ya sigara ya mtu aliye mbali. Lilinuka vumbi linaloungua.

Siku ya harusi ninayokumbuka, baada ya sala ya alasiri, vugo lilipopamba moto, sanduku likakata kauli. Vimoto vikazimika. Mwenyewe akapiga kofi, akakaza waya wa betri, akasikiliza. Kimya. "Betri imekufa," akasema, na wakati huohuo akaitwa kwenye sinia la pilau. Akaenda. Alisahau kwamba vichupa vile vikipoa huchukua muda kupata moto tena. Ndani, wanawake walipoona maiki haisemi walitoka uani kula, na Nyanya akafunga mlango akabaki na mwari. Maiki ikabaki inaning'inia dirishani.

Nami niko pale, natazama vichupa vinaanza kupata wekundu, taratibu, kimoja baada ya kingine. Nikafurahi, mtoto mimi, nikidhani tutaimba tena.

Kwanza likavuma, mmmmm. Kisha Nyanya akasema juu ya mnazi.

"Mwanangu, mume akirudi na hasira usimjibu. Mpe maji. Akinywa, mdomo utakuwa na kazi nyingine."

Barazani mikono ikasimama juu ya sinia.

"Na usiwaogope hawa. Mimi nawajua waume wa Gazi mmoja mmoja. Huyo mkweo anayenguruma barazani kama simba, akiumwa tumbo humlilia mkewe amlishe uji kwa kijiko. Na mwalimu wa chuo cha Kurani, huyo anayewachapa watoto, panya akikatiza chumbani yeye hupanda kitandani na kushika chandarua!"

Mwalimu wa chuo alikuwa ameketi pale pale, tonge mkononi. Ndiye aliyenichapa mimi wiki ile kwa sababu ya kusahau sura. Nilimtazama. Wote walimtazama.

"Sasa tuje kwenye mambo ya kitandani," ikasema honi, hadi ng'ambo ya mikoko.

Mwenye amplifaya aliruka kutoka kwenye sinia, mikono imejaa wali, kanzu imemkwama miguuni, akaanguka. Kabla hajainuka Nyanya alishasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia kutoka mnazini. Alitoka kama mshale, akapita kinuni, akanyakua mchi, na wanaume wote wakitazama akaupiga kwenye pembe ya lile sanduku, paa! Likanyamaza. Akasimama anahema, kitambaa kimemvuka kichwani, na kwa mara ya kwanza nikamwona Nyanya yangu anaogopa. Ukungwi wake wote, miaka yote ile ya kufunga mdomo, umemwagika uwanjani.

Halafu mwalimu wa chuo akaweka tonge lake chini.

"Si panya wote," akasema. "Ni wale wakubwa."

Wallahi, baraza lilivunjika kwa kicheko. Watu walilala chali. Mkwe aliyelishwa uji alicheka mpaka akaomba maji, na mtu akamwambia, "Mpeni, mpeni, asijibu!" Na tangu siku hiyo Nyanya alifuatwa kutoka Msambweni mpaka Lunga Lunga awafunde wari, kwa kuwa kila mama alijua sasa kuna nini ndani ya mdomo ule. Lakini mahali penye waya hakusema tena mpaka anakufa. Sauti yake haikunaswa kwenye kanda, wala hakupigwa picha hata moja. Duniani ameacha kaburi lisiloandikwa, na shimo lile kwenye bati.

Nilipomaliza, binti yangu alikuwa ameacha mchele. "Kainunue," akasema. "Kabla yule wa mota hajaamka."

Nikawahi. Fundi alinionya kwamba vichupa viwili vimekufa, itabidi avitafute Mombasa, akivikosa basi tena. Alivipata. Akabadilisha nyaya, akasafisha kutu, akanionyesha kwa furaha. "Sasa nikunyooshee hapa palibonyea, nipige rangi, ikae mpya?"

Laiti ningekuwa na mchi.

Siku ya harusi tukaiweka uwanjani, maiki dirishani, na mimi ndani na mjukuu wangu, maana ukungwi niliurithi. Nje vijana wakasikiliza, hawakusikia kitu. "Hiyo imekufa!" wakasema, wakaenda kwenye spika zao. Nilingoja. Likavuma, mmmmm, vilevile, na harufu ya vumbi linaloungua ikaja dirishani, nikawa na miaka tisa.

Mjukuu wangu akanikonyeza. "Nyanya, maiki iko wazi."

"Najua iko wazi," nikasema, na nikaisogelea. "Mwanangu, mume akirudi na hasira usimjibu. Mpe maji."

Nje walicheka, walipiga vigelegele. Sasa ilikuwa zamu ya kuwataja waume wa barazani. Nikachungulia kati ya nondo. Wafanyakazi wa hoteli, wapangaji wa Ukunda, majirani walionunua viwanja juzi, watu wazuri wamevaa vizuri. Niliwapitia uso kwa uso, maiki iko mdomoni, nikitafuta wa kuanza naye.

Sikumjua hata mmoja anaogopa nini.