Kitambaa cha Redio Juu ya Kompyuta

Nianze kwa kukiri, maana mtaa mzima wa Ipuli unajua, na mtu mwingine akiwahi kuwasimulia atatia chumvi: ni kweli, mimi mtu mzima mwenye mvi, niliyewahi kuwa katibu wa kijiji cha ujamaa nikaaminiwa hadi muhuri, niliihujumu kompyuta yangu mwenyewe mbele ya majirani, halafu nikapokea pole zao. Haya, nimeshasema. Sasa kaeni vizuri, na mkitaka kucheka chekeni, mimi mwenyewe nilishacheka mara mbili tatu, ila kuna mahali katikati huwa nashindwa.

Kompyuta ile aliniletea binti yangu kutoka Dar es Salaam baada ya arobaini ya mama yake. Akasema, "Baba, hii itakuliwaza," akanifundisha kuandika na kuchapa, akarudi kazini kwake. Na kweli iliniliwaza, ila si yenyewe, ni watu iliowaleta: huyu anataka barua ya kuomba kazi, yule anataka ratiba ya maulidi, mwingine anataka tangazo la mbuzi aliyepotea. Mtu anakaa robo saa, anachukua karatasi yake, anaaga. Mtasema robo saa si kitu, lakini kwa mtu aliyefikia hatua ya kuzungumza na paka (na paka mwenyewe wa jirani), robo saa ni karamu.

Juu ya kompyuta nilitandika kitambaa cha kufuma cha marehemu mke wangu, Bi Tatu. Hapo msinitolee macho, nani kati yenu hana kitambaa juu ya televisheni yake? Tofauti ni kwamba hiki kilikuwa kikubwa, cheupe, chenye maua ya bluu pembeni, kwa sababu hakikufumwa kwa ajili ya kompyuta, kilifumwa kwa ajili ya redio ya kijiji tulipokuwa kule upande wa Lusu enzi za ujamaa. Ilikuwa redio ya mbao, kubwa, nzito, nayo iliwekwa nyumbani kwetu kwa kuwa mimi ndiye katibu. Jioni watu wakitoka shamba la kijiji walikuja moja kwa moja kwetu kusikiliza taarifa ya habari, wakajaa ndani, wakajaa kibarazani, wengine wakakalia mipini ya majembe yao uani, na mimi, Mungu anisamehe, nikawa namnung'unikia mke wangu kwamba nyumba hii haina hata nafasi ya mtu kujinyoosha. Kitambaa kile kilifunika kompyuta yote mpaka nyuma, na kwa mbele nilikipandisha kidogo ili nione kioo.

Mkasa wenyewe ulianza na uamuzi mdogo sana. Kompyuta ilikuwa imezeeka na kujaa virusi, ikiwashwa unaweza kuchemsha chai ukanywa ndipo ifunguke, basi fundi Ramadhani mwenye kibanda karibu na stesheni akaniambia, "Babu Katibu, tusiufute mfumo wa zamani, tuweke wa pili pembeni yake. Ukiwasha, itakuuliza leo unataka upi. Nyumba moja, wapangaji wawili." Akanipa sidii ya huo mfumo mpya na kunisisitiza nimsubiri arudi kutoka Nzega Jumamosi.

Nani asubiri? Mimi niliyegawa viwanja vya kijiji kizima kwa kamba na hatua za miguu, nishindwe kugawa diski? Alhamisi baada ya adhuhuri nikaingiza sidii, nikajibu maswali yote ndiyo, ndiyo, endelea, na ule mstari wa asilimia ukaanza kutambaa. Kumi. Ishirini. Arobaini. Ilipofika arobaini na saba, kompyuta ikazima. Nikaiwasha. Haikufungua mfumo wa zamani wala mpya, ikaleta kioo cheusi na maandishi machache meupe. Nikaanza upya kwa ile sidii, ikazima palepale arobaini na saba. Mara ya tatu ikafika thelathini tu.

Jasho lililonitoka halikuwa la joto la Oktoba peke yake. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na majina ya waalikwa wa harusi ya Zuhura, binti wa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na kadi zake niliahidi kuzichapa Jumamosi. Mama Zuhura aliniletea majina yale kwenye vikaratasi alivyovikusanya kwa mwezi mzima, shangazi wa Igunga, wajomba wa Ziba, na nilipomaliza kuyaingiza alichukua vikaratasi vyake akawashia mkaa, kwa jinsi alivyoniamini.

Nikaenda kumwambia. Hakufoka. Alikuja palepale na khanga yake kichwani, na baada yake wakaja wengine, maana habari ya kompyuta ya Babu Katibu kufa na majina ya harusi ilifika msikitini kabla ya alasiri. Kila mtu alikuja na ujuzi wake. Mmoja akasema ni umeme mdogo, tukaazima betri. Mwingine akasema ni sidii imekwaruzwa, tukaipangusa kwa khanga laini. Mzee Petro, rafiki yangu tuliyeanza naye kijiji cha Lusu (yeye Mkatoliki, mimi Mwislamu, na hatujawahi kukosana isipokuwa kwenye bao), akashauri tuipumzishe kama ng'ombe wa plau. Hakuna aliyegusa kitambaa. Wote walijua ni cha nani.

Lakini wacha niwaambie ukweli. Mama Zuhura aliweka chupa ya chai mezani, mtu akaleta kashata, Petro akanikumbusha siku tuliyobeba redio ya kijiji kwenye machela mvua ikinyesha, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikawa nimekaa katikati ya sebule yangu nasikia vikombe vikigongana. Tangu Bi Tatu alipofariki vikombe vile vilikuwa kabatini. Mpaka magharibi wakawa bado wapo.

Ijumaa asubuhi nilikuwa peke yangu. Nikaona kitambaa kimeshika vumbi la miguu ya wageni, nikakitoa, nikakikung'uta uani, nikakitundika kwenye kiti, halafu nikawasha kompyuta nijaribu tena huku nakunywa uji. Arobaini na saba ikapita. Sitini. Sabini. Nikanyanyuka. Themanini. Nikaweka kiganja nyuma ya sanduku la kompyuta, kwenye yale matundu, nikahisi upepo wa joto unatoka bila kizuizi, na hapo ndipo nilipoelewa yote, kwamba hakuna umeme mdogo wala sidii iliyokwaruzwa, ni kitambaa, nilikuwa naiziba pumzi.

Nikasikia, "Hodi humu ndani!" Sauti ya Mama Zuhura, na nyuma yake sauti nyingine, na harufu ya vitumbua.

Sasa hapa ndipo ninaposhindwa kucheka. Nilisimama pale nikapiga hesabu ya haraka: ikimaliza, kadi zitachapwa, watasema ahsante Babu, Mungu akuzidishie, watachukua karatasi zao na kurudi makwao, na nyumba itarudi kuwa ile nyumba. Nikachukua kitambaa kwenye kiti. Nikaifunika kompyuta. Nikakishusha mpaka nyuma, nikakinyoosha vizuri pembeni. Kisha nikasema, "Karibuni."

Ilizima ikiwa themanini na tisa. Wakaguna wote kwa pamoja. "Pole, Babu, pole sana!" Nami nikaitikia kwa unyonge, "Nimeshapoa," nikanyoosha mkono kuchukua kitumbua. Siku ile tulikaa mpaka jua likazama.

Jumamosi sebule haikuwa na pa kukanyaga. Ramadhani alikuwa amerudi, ameinama mezani na bisibisi yake, na kabla sijafungua mdomo alishaianzisha tena. Petro alikuwa amekalia ndoo. Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Babu, sikulala," akaniambia polepole. "Shangazi yao wa Igunga asipopata kadi atasema nimemdharau kwa kuwa hana kitu. Na wengine siwakumbuki tena. Nimejaribu, siwakumbuki."

Moyo uliniuma, sikatai. Nikajiambia leo jioni nitakitoa, jioni tu, wakishakunywa chai. Mstari ukafika arobaini. Huyo mama wa watu, katika uchungu wake wote, akakitazama kitambaa akasema, "Na hiki cha marehemu kimechafuka jamani, nipe nikakulowekee, angalau tufanye jambo moja la maana leo." Akakishika.

Nikakishika upande wa pili.

"Kiache!"

"Babu, nakifua tu, nitakurudishia kesho."

"Nimesema kiache!"

Akavuta, nikavuta (mbele ya watu kama kumi na watano, mtu na mvi zake, navutana kitambaa na mama wa bibi harusi), na katika kuvutana kule kinywa changu kikasema chenyewe, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwenye mikutano ya kijiji:

"Ukikitoa itamaliza!"

Nilisikia feni ya kompyuta. Mama Zuhura aliachia kitambaa, kikaanguka chote mikononi mwangu, na kompyuta ikabaki wazi. Ramadhani akanyoosha kiganja nyuma ya sanduku, akakirudisha haraka.

"Inaungua," akasema. "Barua fupi haziichoshi, lakini kazi hii ni kupandisha mlima." Halafu akanitazama. "Kumbe ulijua, Babu?"

"Tangu lini?" akauliza Mama Zuhura.

Ningeweza kudanganya. "Tangu jana asubuhi," nikasema.

Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana. Tulisimama tukautazama ule mstari, hamsini, sabini, tisini, mpaka mia, kompyuta ikajizima na kujiwasha, ikatuuliza kwa adabu tunataka mfumo upi. Hakuna aliyeshangilia. Ramadhani akafungua ule wa zamani, majina yakawepo yote, akayachukua kwenye flashi akachape kibandani kwake. Watu wakaondoka mmoja mmoja wakiwa na chupa zao za chai. Mama Zuhura alikuwa wa kwanza.

Petro peke yake alibaki kwenye ndoo yake. Baadaye sana akasema, "Tatu alikuwa anakitoa kwanza."

"Nini?"

"Kitambaa. Kabla hujawasha redio. Alikitoa, akakikunja, akakiweka mapajani mpaka habari ziishe. Alisema redio inapata joto. Hukuwahi kuona?"

Sikuwahi kuona. Miaka yote ile nilikuwa nazungusha kitufe na kuwanyamazisha watu kama waziri, na mke wangu alikuwa nyuma yangu na kitambaa mapajani, ndiye aliyeifanya redio iseme na nyumba ijae. Nililia mbele ya Petro. Naye akatazama nje kwa heshima mpaka nilipomaliza.

Siku nne hakuja mtu. Nilijua sitaalikwa, na nilijua ni haki. Siku ya tano asubuhi Petro alipita akanisalimu, "Mwangaluka," nikamjibu, akaenda zake minadani, na nyuma yake nikamwona Mama Zuhura anaingia bila hodi. Akaniwekea kadi mezani. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa mkono, maana kwenye orodha niliyoiandika mwenyewe nilisahau kujiweka.

"Shikamoo Babu," akasema, bado amenuna.

"Marahaba mwanangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, ila bado nina hasira." Akavuta kiti, akakaa. "Mimi nipo hapa ukutani. Ungegonga tu. Kwani mtu mpaka aharibikiwe ndipo atembelewe?"

Basi, wenzangu, nimeapa. Siku hizi kabla ya kuwasha kompyuta nakitoa kitambaa, nakikunja mara nne, nakiweka mapajani. Siku nyingine anakuja mtu, siku nyingine haji, na siku zisizo na mtu ni ndefu, siwafichi. Lakini alasiri nikiona kimya kimezidi nanyanyuka nagonga ukuta, na Mama Zuhura anapaza sauti kutoka upande wa pili, "Babu, kompyuta imekufa tena?"

"Nzima," namjibu. "Njoo hivyo hivyo."