Nitashuka Nikimaliza

Siku walipokuta bomba limeng'olewa, wenzake walirudi nyumbani. Dominika alibaki.

Lilikuwa bomba la maji tu. Mwalimu Sharon alikuwa amelifunga ukutani, kwenye ukumbi wa mtaa pale Sumbawanga, ili wanafunzi wake wa baleti, ile ngoma ya Kizungu, wapate pa kushika. Sharon alijifunza ngoma hiyo Dar es Salaam kabla ya kuolewa huku. Dominika, binti wa Coleta muuza ulezi, alianza kumfuata akiwa darasa la saba. Sasa alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupewa vile viatu vyenye ncha ngumu, vya kusimamia vidole vya miguu. Mkono ukiwa kwenye bomba, alikuwa hatikisiki.

Mzee Eustaki, mwenyekiti wa ukumbi, hakuficha kwamba ndiye aliyeagiza bomba litolewe.

"Linaharibu mapambo ya harusi," alisema. Kisha akatoa la moyoni: "Na binti mzima kuinua mguu mbele za watu, ni tabia gani hiyo? Bila bomba wataacha wenyewe."

Alipoondoka, Dominika akafunga kamba za viatu. "Mwalimu, twende katikati."

"Katikati utaanguka."

"Basi nianguke."

Akaanguka kweli, tena na tena, mpaka paja likavilia damu. Hapo ndipo alipogundua jambo lililomuudhi kuliko hata Mzee Eustaki: miaka yote ile uzito wake ulikuwa umelala mkononi, miguu ikijisifia kazi isiyo yake. Sharon akamwanzisha upya. Ainuke kwanza kwa miguu miwili, magoti yamenyooka, tumbo limevutwa juu, macho yametua mahali pamoja. Ndipo auachie mguu mmoja, taratibu.

"Kifundo cha mguu kikianza kulala, shuka," Sharon alimwambia. "Lakini ushuke mwenyewe, usishushwe. Nisisikie kishindo."

Kushuka ndiko kulikomtoa jasho katika baridi ile ya Mei. Unyayo ulipaswa kukunjuka kidogo kidogo, kisigino kiguse sakafu mwisho kabisa. Hata nyumbani, akisubiri maji ya ugali yachemke, alijizoeza hivyo, mama yake akimfokea asije akaangukia jiko.

Alasiri moja Mzee Eustaki akaingia ghafla, funguo mkononi. Dominika alikuwa katikati ya ukumbi, juu ya mguu mmoja, mikono hewani, hakuna alichoshika.

"Bado mpo? Wewe binti, shuka!"

Kifundo kikatetemeka. Dominika akavuta tumbo juu, akausukuma mwili utoke sakafuni, na hakumtazama.

"Nimesema shuka!"

"Nitashuka nikimaliza."

Akakaa palepale. Kisha akateremka kwa wakati wake, na kisigino kikatua bila sauti. Akageuka, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mdomo wa mzee ukajibu kabla hajauzuia. Hasira zikampanda maradufu. Akamtoa nje yeye na Mwalimu Sharon na kufunga mlango kwa kufuli, na mpaka leo hajaufungua kwa ajili yao.

Coleta aliposikia, alichukua ufagio. Halafu akafagia ghala lake la mahindi, tupu wakati ule. "Chezeeni humu. Ukumbi haukumzaa mwanangu."

Julai mavuno yakajaza ghala, wakahamia uani, juu ya mbao pana zilizopigiliwa chini. Upepo wa Ufipa unajulikana. Ulimsukuma Dominika kila alipoinuka. Baadhi ya wale wenzake wakaanza kurudi mmoja mmoja, na akawa akiwaonyesha namna ya kuinuka. Wapita njia walisimama kwenye uzio, wengine wakicheka waziwazi.

"Mama Dominika," jirani akauliza siku moja, "huyu mtoto wako anafanya nini hasa?"

Coleta hakuacha kupepeta ulezi. "Si unaona? Amesimama."