Kiranja wa Palizi

Binti yangu yuko kidato cha kwanza hapa Kibondo. Juzi alirudi na karatasi ya mafunzo ya uongozi, akanikuta nachambua maharage, akaniuliza kama na mimi niliwahi kuongoza watu. Nilicheka mpaka ungo ukapinduka. Niliongoza, rafiki yangu. Niliongoza siku tatu nzima.

Ilikuwa Rungwe Mpya, huko Kasulu, nikiwa darasa la sita. Kila darasa lilikuwa na kipande chake cha shamba la shule, na maharage yake ndiyo yaliyotiwa kwenye makande ya mchana. Mwalimu wetu, mtu wa kutoka Tanga, alinichagua kiranja wa shamba kwa kuwa nilikuwa na sauti ya kuamsha kata nzima. Akasema palizi iishe Ijumaa. Isipoisha, cheo anakichukua, na darasa letu litakula mahindi matupu.

Jumatano nikasimama mbele ya shamba, mikono nyuma kama mkuu wa wilaya, nikagawa mistari: wewe huku, wewe kule. Mistari yenyewe ilikuwa mirefu, unaianza mtoto unaimaliza una ndevu. Wenzangu wakalaza majembe, wakakalia mipini. Binti wa jirani yetu, ambaye kwa jembe hakuna mvulana aliyemfikia, akasema bila kupandisha sauti, "Kiranja, hata kutuamkia hujatuamkia. Unatuhesabu kama mbuzi." Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Kasulu mjini. Kengele ikalia, magugu yamesimama palepale.

Nyumbani nilimkuta bibi anasonga ugali wa muhogo. Nikawashtaki wote, mmoja mmoja. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniita mwanangu kwa Kiha chetu:

"Mwana wanje, uliwaamkia? Na wewe ulishika mstari upi?"

Mstari sikuwa nimeshika hata mmoja. Kwetu Buha, nchi ya Waha, mtu akiita watu wamsaidie kulima, huwapokea mmoja mmoja kwa makofi ya taratibu, akiulizia kila aliyeko nyumbani. Kisha yeye mwenyewe hushika mstari wenye sangari, majani ambayo mizizi yake, naapa, inafika Burundi. Nilikuwa nikiyaona hayo tangu nabebwa mgongoni. Ila cheo cha shule nilidhani ni kitu kingine.

Alhamisi niliwahi. Niliwaamkia wote, watu wapata arobaini, viganja vikawaka moto. Nikaenda kwenye sangari, nikainama. Kwa muda hakuna aliyenifuata. Halafu nikasikia jembe mstari wa pili: binti wa jirani. Akaniambia nalima kama nakoroga uji, akanionyesha pa kushika mpini. Akaanzisha wimbo, wengine wakaingia, wakanipita wote. Ijumaa saa nne hapakuwa na gugu hata la kumpa sungura.

Mwalimu alipokuja alinisifu mbele ya darasa. Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Mwalimu, aliyeongoza ni yule." Akawauliza wenzangu, mikono ikamwelekea yule binti, na wangu ukiwamo. Cheo kikaondoka. Makande ya muhula ule niliyala nimezungukwa na watu.

Shamba lile sasa ni madarasa, na bibi hayupo. Palizi nayo siku hizi ni dawa: mtu mmoja, bomba mgongoni, kitambaa puani, anamaliza ekari peke yake kabla ya chai. Kazi inaisha haraka, siwezi kudanganya. Ila hana wa kumwamkia.