Kichaka Kisichoota Bara

Kosa ninaloliandikia leo ni la wasomi, nami nimo: kumpita mwenye jibu kwa kudhani hana.

Jumatatu nilipata habari kutoka Chato kwamba mwalimu mstaafu niliyefahamiana naye miaka mingi amefariki. Wengi walimjua kwa hesabu alizofundisha. Mimi nilimjua kwa aina moja ya kichaka chenye kimo cha kiuno, majani yake ya rangi ya fedha upande wa chini. Kinaota katika kisiwa kidogo ziwani, na mwalimu alikitafuta bara, kutoka Chato hadi Masumbwe, asikione. Kilifikaje pale? Kwa nini pale tu? Nilipomuuliza kina faida gani, alinijibu, "Ndugu yangu, ukanda wetu huu jiwe likimeta tunachimba hata chini ya kitanda. Mmea usio na bei tunauchoma." Na kweli, wabanika samaki wa kisiwani walikuwa wakikikata kuni, vikabaki vichache. Alitaka kitambuliwe kabla hakijaisha, lakini wataalamu wa mimea walimwambia majani hayatoshi, alete maua.

Kila kiangazi alivuka, kwa kuwa aliogopa radi za ziwani msimu wa mvua, na kila mara akarudi na majani matupu. Safari niliyofuatana naye, tulisimama pale tukibishana kama kichaka hicho huchanua kweli. Mama mmoja aliyekuwa akibanika samaki hatua chache kutoka kwetu akaangua kicheko.

"Mwalimu, kila mwaka unayachungulia majani kama mbuzi! Maua si hutoka mvua zikianza? Siku tatu tu, yamekwisha."

"Sasa mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza bei ya samaki, nikakujibu."

Mvua zilipoanza, mwalimu alikuwa mgonjwa, hawezi tena kupanda mtumbwi. Mama yule ndiye aliyekata tawi lenye maua, akalilaza kati ya magazeti, akavuka nalo hadi kitandani kwa mgonjwa. Maua yalikuwa madogo, meupe. Mwalimu aliyatazama asubuhi nzima, kisha tawi likatumwa kwa wataalamu. Juzi, yeye akiwa ameshazikwa, wataalamu walijibu kwamba hawajawahi kupokea mmea wa namna hiyo. Kisiwani, tangu mama yule avuke na tawi, kuni zinakatwa kwingine.

Tunapoingia mahali tukitafuta jambo, tuanze kwa kuwauliza wanaoishi nalo. Heshima hiyo ni sehemu ya elimu yenyewe. Mwalimu alijifunza kwa kuchelewa, lakini alijifunza. Kwenye karatasi iliyotumwa pamoja na tawi, penye nafasi ya jina la mgunduzi, aliandika jina la yule mbanika samaki: Mama Kulwa.