Utepe wa Shada la Jouni

Saa mbili asubuhi, bado giza la majira ya baridi mjini Iisalmi, huku kaskazini ya mbali. Ilpo Ruuskanen ameketi jikoni mbele ya karatasi tupu, na kahawa yake imepoa.

"Kila mstari unanijia na mdundo wa dansi ya tango," ananilalamikia mimi, jirani niliyekuja kuwapa pole. "Nani anamzika mtoto kwa dansi?"

Huyu ndiye mtunzi ambaye nyimbo zake huchezwa kila kiangazi kwenye kumbi za dansi kando ya maziwa, na michezo yake ya runinga imechekesha nchi nzima. Kwetu, anayeweka shada la maua mazishini husoma kwa sauti, mbele ya jeneza, maneno yaliyochapwa kwenye utepe wake. Watu wa mji huu wakifiwa, humpigia simu Ilpo awatungie maneno hayo, kabla ya kumpigia mchungaji.

Sasa msiba ni wake. Mwanawe, Jouni, alikwenda kuvua samaki ziwani juu ya barafu changa ya Desemba, ikapasuka, akazama. Mazishi ni Jumamosi, na muuza maua anataka maneno leo.

Mke wa Ilpo, Sirkka, anaosha vikombe ambavyo tayari ni safi.

"Andika basi. Si wewe bingwa?"

"Nipe nafasi, mama Jouni."

"Nafasi ulikuwa nayo miaka minne!"

Miaka minne iliyopita Jouni aliachwa na mkewe. Jioni moja alimlilia baba yake katika sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, mahali ambapo wanaume wetu husema wasiyoyasema popote pengine. Msimu uliofuata kilio kile, neno kwa neno, kilisikika kwenye runinga, katika mchezo wa Ilpo, kinywani mwa mhusika wa kuchekesha. Kazini wenzake wakampachika jina la mhusika yule. Jouni hakutia tena mguu hapa nyumbani.

"Maneno yake ulishayauza, Ilpo. Sasa unatafuta yapi?"

Maskini, hana pa kujificha. "Nilijua kakasirika," ananiambia. "Nikasema atapoa, tutakaa tena saunani. Sisi hatuombani radhi, tunangoja tu."

Simu inalia. Ni Marketta wa duka la maua. "Haya, Ilpo, nichape nini?"

"Chapa, 'Nisamehe, Jouni.'"

"Hilo tu? Wewe?"

"Hilo tu."

Sirkka anafunga bomba. "Na utalisoma mbele ya watu wote?"

"Nitalisoma."

Anasimama, anajaribu palepale jikoni. Anafika kwenye jina la mtoto, sauti inakatika.

"Anza tena," anasema Sirkka.