Karoti Nzima

Siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ya karoti. Wengine hukumbuka siku zao kubwa kwa harusi au kwa msiba; mimi yangu naikumbuka kwa karoti niliyokataa kuila. Keti hapa karibu na dirisha. Theluji itaendelea kuanguka hata tusipoisimamia. Nitakwenda polepole, maana jambo lenyewe ni dogo, na mambo madogo yakisimuliwa mbio hupotea.

Ukiniona hivi, na miwani yangu na magoti yanayolia kwenye ngazi, huwezi kuamini kwamba niliwahi kuwa sungura. Lakini nilikuwa, tena sungura mwenye masikio marefu ya pamba. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Uvira, naishi hapa hapa Norsborg, Uswidi, kwa mwaka wa pili, nikapata kazi katika kikundi cha maigizo ya watoto. Tulizunguka na gari letu kuukuu, leo chekechea, kesho maktaba, keshokutwa ukumbi wa kanisa.

Tulikuwa wanne. Mzee Zakaria alikuwa Mrundi aliyechunga ng'ombe utotoni na kufundisha shule ukubwani. Ndiye aliyekuwa kiongozi wetu, dereva wetu na mpiga ngoma. Birgitta, mama wa Kiswidi aliyeshona mavazi yote, alikuwa kichwa cha ng'ombe wetu wa kitambaa. Otieno, kijana wa Kisumu, alikuwa sehemu ya nyuma ya ng'ombe huyo huyo, na kila asubuhi alilalamika.

"Mamangu anaambia watu mtoto wake ni mwigizaji Ulaya," alisema. "Sasa nitamtumia picha gani, jameni?"

Birgitta alipotafsiriwa maneno hayo akajibu bila kucheka, "Mtumie ya mkia. Huo mkia nimeushona vizuri."

Ee mwanangu, lile gari! Lilinuka machungwa, rangi na soksi zilizolowa. Tuliimba nyimbo za lugha nne, kila mtu akiharibu za mwenzake. Tukifika, tulingoja watoto warudi kutoka nje na kuvuliwa suruali za mpira, makoti, kofia, mitandio na glavu. Kumvua mtoto mmoja nguo za baridi ni kama kumenya kitunguu. Sasa fikiria watoto arobaini. Wengine walikwisha kuvuliwa, wakakumbuka kwamba wanataka kukojoa, wakapotea. Tulikaa juu ya masanduku yetu tukacheka. Hatukuwa na haraka. Ngoja niseme kweli: wenzangu hawakuwa na haraka. Mimi nilikuwa nayo.

Mchezo wetu ulikuwa hivi. Ngoma ya mfalme imepotea, na sungura anaitafuta. Anamkuta Mama Ng'ombe amelala juu yake, hataki kuinuka. Sungura anasukuma, anavuta, anaanguka chali. Kisha anawageukia watoto na kuwauliza, kwa Kiswidi na kwa Kiswahili, "Nimwambie nini Mama Ng'ombe ili ainuke?" Jibu halikuandikwa popote. Lolote ambalo mtoto angesema lilikuwa sahihi. Mmoja alisema tumtekenye, mwingine tumpe chapati za maziwa, na ng'ombe aliinuka. Hapo ngoma ilipigwa na wote wakacheza.

Lakini watoto hawajibu papo hapo. Hutazamana kwanza, hutafuna ncha za mikono ya sweta. Ndiyo maana Mzee Zakaria aliweka sheria: sungura akishauliza, anatoa karoti mbichi mfukoni na kuitafuna mpaka iishe. Karoti nzima, si nusu. Mpaka iishe, haruhusiwi kusema.

"Mdomo uliojaa hauwezi kumdhulumu mtoto," alituambia.

Sheria hiyo ilinitesa. Kimya cha watu arobaini wanaokutazama kinachoma, mwanangu. Nilidhani kimya maana yake mchezo umekufa, na aliyeua ni mimi. Nikaanza ujanja. Dukani nilichagua vikaroti vidogo kama kidole cha mwisho. Nikaona haitoshi, nikawa nauma mara mbili na kuficha iliyobaki ndani ya sikio langu la pamba. Dhambi haianzi ikiwa na ukubwa wa gunia.

Basi siku moja ya baridi kali tulikuwa Tumba, kwenye chekechea fulani, na baada ya hapo tulitakiwa tuwe Rågsved kwa onyesho la pili. Watoto walichukua muda mrefu kuvuliwa. Nikatazama saa ya ukutani. Nikauliza swali langu, "Nimwambie nini Mama Ng'ombe ili ainuke?" Kimya kikaanguka. Sikuigusa hata hiyo karoti. Nikabana sauti kama mtoto na kujijibu mwenyewe, "Mwambie tafadhali!" Kisha kwa sauti yangu nikasema, "Ahaa, asanteni watoto! Tafadhali, Mama Ng'ombe!" Ng'ombe akasitasita, akainuka. Ngoma ikalia, lakini niliisikia ikiwa nzito kidogo.

Tulipakia vitu, tukaondoka. Mzee Zakaria alishika usukani. Nami nikafurahi moyoni kwamba tutawahi.

"Furaha," akaanza, macho yakiwa barabarani, "unakunywa chai au kahawa?"

Nikafungua mdomo.

"Kahawa," akajibu yeye. "Bila sukari. Birgitta, mpe."

Mimi na kahawa hatujawahi kupatana. Lakini mkubwa amesema, nikapokea kikombe.

"Na kwenu ni wapi, Furaha?"

"U—"

"Kwao ni Bukavu."

Nyuma, katikati ya miguu ya ng'ombe, Otieno akaanza kucheka.

"Na hapa Uswidi anapenda nini? Anapenda baridi. Anaipenda sana. Anataka kuhamia kaskazini kabisa, akaishi na kulungu."

"Mzee!"

"Anasema asanteni, atahama Jumatatu."

"Mzee Zakaria, si mimi niliyesema!" Nililipuka mpaka kahawa ikamwagika kwenye masikio yangu ya sungura. "Mimi ni wa Uvira, kahawa sinywi, na hiyo baridi naichukia! Niache niseme mwenyewe!"

Akaegesha gari pembeni, mahali pa usalama, na kunigeukia. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Ahaa. Umejisikiaje, binti yangu?"

"Kama mtu amenikalia."

"Basi yuko mtoto pale Tumba uliyemkalia leo."

Ndipo akanieleza. Mpiga ngoma hukaa akiwatazama watoto, kwa hiyo yeye aliona nisichokiona mimi. Kwenye safu ya nyuma palikuwa na mtoto wa kike anaitwa Riziki, wa miaka mitano, aliyefika na mama yake kutoka pande za kwetu. Mwalimu alikuwa amemwambia Mzee Zakaria kwamba tangu majani ya miti yalipoanza kuanguka, mtoto huyo hajasema neno hata moja pale, si la Kiswidi, si la Kiswahili. Anacheza, anakula, hasemi. Na siku ile, nilipouliza, Riziki alisimama. Alisimama peke yake na kufungua mdomo. Mimi nikajijibu. Akaketi, akavuta kofia ya sweta mpaka puani.

Kahawa ikapoa mkononi mwangu. Nikalia, sikufichi.

"Maji yakimwagika hayazoleki, Mzee," nikasema.

"Hayazoleki," akakubali. "Lakini kisima bado kipo. Tutarudi."

Alimpigia mwalimu simu siku hiyo hiyo. Nafasi tuliyokuwa nayo ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, siku yetu ya mapumziko. Otieno akashika kichwa. "Alhamisi ni zamu yangu ya kufua! Nimeingoja hiyo zamu wiki mbili, bana!" Wewe unajua vyumba vyetu vya kufulia vya chini ya jengo, mtu akiacha zamu yake, ameacha kitu. Akaiacha. Alhamisi alikuja amevaa shati ambalo sitalieleza, na Birgitta akamwambia kwamba leo hata ng'ombe anasikitika.

Kabla ya kuingia, Mzee Zakaria alinipa karoti aliyoichagua mwenyewe. Ilikuwa nene kama mchi.

"Usimtazame mtoto," akaniambia. "Jicho la mtu mzima nalo ni mzigo. Tazama karoti."

Tukacheza. Nikasukuma, nikavuta, nikaanguka chali. Watoto walicheka kama vile hawajawahi kuona. Nikauliza swali langu. Papo hapo, mwanangu, watoto wote wakapiga kelele kwa pamoja: "Tafadhali!"

Moyo ukaniuma. Lile neno langu la wizi lilikuwa limeota ndani ya vinywa vyao vyote. Birgitta, ndani ya kichwa cha ng'ombe, akafikiri haraka. Akatikisa pembe kukataa. Haondoki. Watoto wakapigwa na butwaa. Walichopewa kimekataliwa, na cha kwao hawajakitafuta. Kimya kikaingia.

Nikauma karoti.

Kru. Kru. Hakikusikika kitu kingine chumbani. Taya likaanza kuniuma. Mate yakaisha. Kila kipande kilinitaka nikimeze upesi na kusema jambo, lolote, nimwokoe kila mtu, hasa mimi mwenyewe. Nikatazama karoti. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nikiitamka methali hiyo tangu utotoni bila kujua inakaa wapi. Nilikuwa nimebakiza kipande cha mwisho nilipoona viatu vidogo vya ndani vikipita mbele yangu.

Havikusimama kwangu. Watoto wengine wote huja kumnong'oneza sungura, lakini Riziki alinipita kama anayepita nguzo, akaenda moja kwa moja kwa Mama Ng'ombe. Akapiga magoti. Akainua lile sikio la kitambaa, na kwa sauti ya wazi kabisa, sauti ya mtu aliyezoea kazi yake ya kila asubuhi, akasema:

"Lamuka, mama. Kumekucha. Chai iko tayari."

Lamuka ndivyo tunavyosema amka kule kwetu. Birgitta hakuelewa hata neno moja, akabaki amelala. Otieno alituambia baadaye kwamba kule nyuma alichosikia ni chai tu, na kwa chai yeye huamka. Akainuka. Matako ya ng'ombe yakapanda juu, mkia ukasimama wima, huku kichwa bado kiko sakafuni na Birgitta anauliza kwa Kiswidi, mle ndani, nani ameanza safari bila yeye.

Watoto walianguka kwa kicheko. Walimu walishikana. Na Mzee Zakaria, ambaye siku zote alikuwa akitulalamikia kwamba ng'ombe wetu anainuka kama farasi, akaidondosha fimbo ya ngoma na kusimama.

"Hivyo!" alipaza sauti, machozi yakimtoka. "Hivyo hivyo! Ng'ombe huanza na miguu ya nyuma! Mtoto amewafundisha!"

Riziki hakuachia lile sikio. Aliinama tena, akamwambia ng'ombe, kama mtu anayemaliza jambo lake, "Sukari nimeshatia." Kisha akacheka, na ule mchezo wa kucheza ngoma mwishoni ukawa mrefu kuliko siku zote. Kuanzia siku hiyo ng'ombe wetu aliinuka kwa nyuma kila mahali tulipokwenda, na mimi nilinunua karoti kubwa.

Majuzi nilikutana na Riziki kituoni Tumba. Sasa ni mama wa mtu. Alikuwa na mwanawe mdogo, akamwuliza kwa Kiswahili, "Tupande treni au tutembee?" Mtoto akafikiri. Treni ikaja, milango ikafunguka, ikafungwa, ikaondoka. Riziki alisimama tu, ameushika mkono wake. Ndipo mtoto akajibu kwa Kiswidi kwamba watembee, kuna madimbwi mazuri. "Haya, tutembee," akasema mama yake, kwa Kiswahili vilevile, wakaenda zao.

Basi, mwanangu, hilo ndilo nililotaka ulichukue. Ukimwuliza mtu jambo, mngoje. Nawaona vijana wa siku hizi na watoto wao: "Umekula nini shuleni? Ulikula samaki? Ulikula samaki, eti?" Mtoto hajapumua. Halafu tunalalamika kwamba watoto wetu hawazungumzi nasi, kwamba wanajibu Kiswidi neno moja na kufunga mlango wa chumba. Akijibu Kiswidi, pokea, amekujibu. Wewe endelea na Kiswahili chako bila ugomvi. Na wewe unayemsindikiza mama yako ofisini kumtafsiria, usimjibie. Mwache atafute neno lake hata kama karani anatazama saa. Si kila kimya ni shimo la kufukiwa. Kimya kingine ni mtu yuko njiani anakuja, na haraka yako ndiyo inayomfungia mlango. Ukishindwa kuvumilia, tia kitu mdomoni. Karoti zipo kila duka.

Haya, nenda, wenzio wanakungoja. Mungu akupe taya lenye nguvu na masikio marefu. Akupe watoto wenye maneno mengi, na akupe moyo wa kuyangoja yote. Na siku utakapochoka na kulala juu ya furaha yako mwenyewe usitake kuinuka, akuletee mtu mdogo wa kukuinua sikio na kukwambia kwamba kumekucha, na chai iko tayari.