Maneno Mengi ya Mama Mmoja

Asubuhi hiyo niliondoka Iyunga, Mbeya, bila mpango, begi moja begani, kwa sababu ya filamu.

Jana yake, kwenye kibanda umiza, tulikuwa tumeonyeshwa filamu ya Kibengali iliyotokana na riwaya inayosifiwa sana huko kwao. Kijana anaondoka nyumbani, anazurura miaka, mwishowe anasimama mlangoni kwa mama yake. Mama anaongea muda mrefu, uso mkavu. DJ anayetutafsiria akasema kwenye kipaza sauti, "Karibu mwanangu." Basi. Watu wakapangusa macho.

Nilimfuata. "DJ, yule mama ameongea mpaka chai yangu imepoa. Wewe umetupa maneno mawili."

"Kaka, Kibengali nakijulia wapi? Mimi nasoma sura. Ukitaka zaidi nenda Mgololo, yupo fundi Mbengali, Bwana Haldar. Filamu alinipa yeye."

Shule niliishia darasa la sita, ila jambo likinikwama kichwani silali. Tena mama yangu yuko Tukuyu, na mwaka wa tano huu sijakanyaga kwake. Nilitaka kujua mama wa namna hiyo husema nini.

Saa saba nilishuka Mafinga, nikapata nafasi kwenye Fuso la kubeba mbao lililokuwa linarudi tupu.

Saa kumi, Mgololo. Harufu ya kiwanda cha karatasi, kama kabichi iliyochemka kupita kiasi, ilitupokea kabla ya nyumba. Bwana Haldar alikuwa bustanini kwake, akipalilia.

"Kamwene," alinisalimu, Kihehe safi.

"Kamwene." Nikamweleza kilichonileta. Akaweka jembe chini.

"Umetoka Mbeya kwa hilo tu? Haya. Anamwambia paa lilivuja. Mbuzi mweusi alikufa. Jirani amesogeza mpaka. Kisima kimechimbwa upya. Kitabuni ni kurasa mbili nzima."

"Na karibu je?"

"Hakuna karibu. Hiyo anaambiwa mgeni."

Alinipeleka mwenyewe gesti ya jirani yake, chumba kidogo chenye mablanketi mawili mazito. Jua lilikuwa bado juu ya misonobari nilipompigia mama. Nilijiandaa kufokewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bati la jikoni limeng'oka. Ng'ombe amezaa, jike. Mjomba wako bado anakohoa, na dawa hataki."

Nikavua viatu, nikaegemea ukuta. "Bati la upande gani, mama?"